Mchoraji wa Misitu

Asimamaye kwenye Shimo la Mungu pale Newala na kulitazama bonde la Ruvuma, au apitaye kando ya vilima vya mawe vya Masasi, mara nyingi haoni la ajabu, kwa kuwa ameyazoea. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za bibi mmoja ambaye hakukubali macho yake yazoee.

Marianne North alizaliwa Hastings, Uingereza, mwaka 1830, binti wa Mbunge. Hakuolewa. Alisafiri na baba yake hata mzee huyo alipofariki mwaka 1869, kisha akashika njia peke yake: Jamaika, Brazil (asili ya mkorosho wetu), Japani, Borneo, Bara Hindi, Australia. Hakupita chuo cha uchoraji. Wachoraji wa mimea wa zama zake walizoea kuchora ua moja juu ya karatasi nyeupe. Yeye alichora kwa rangi za mafuta, mmea ukiwa mahali pake, na nyuma yake mlima, mto au msitu. Mmea mmoja wa Borneo haukujulikana na wataalamu mpaka walipoiona picha yake, nao wakaupa jina lake.

Fedha zilimwezesha, wala tusilifiche hilo. Na bendera ya dola yake ilimtangulia katika bandari nyingi. Wapagazi na wapiga makasia waliomfikisha hawakuandikwa majina ukutani. Lakini kazi ilikuwa yake, akaitoa bure. Alijenga jumba kwa gharama yake katika bustani ya Kew, London, likafunguliwa mwaka 1882, na leo lina picha zake zaidi ya 800. Aliomba wageni wauziwe chai na kahawa humo. Akakataliwa, basi akachora mchai na mbuni juu ya milango.

Mwaka 1883 alifika Shelisheli, visiwa jirani zetu wa baharini, akachora mnazi wa Praslin wenye mbegu kubwa kupita zote duniani. Huku kwetu hakuvuka. Mwaka uliotangulia Masasi ilishambuliwa na Wangoni, na misheni ya Waingereza ikahamia Newala. Bibi North alifariki mwaka 1890.

Wala si kwamba mikono ya kuchora haikuwako. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala, akawagawia watu penseli na karatasi. Walichora. Michoro hiyo akaenda nayo Leipzig.