John Wooden: Kocha aliyesubiriwa miaka 16

Timu inapobadilisha kocha, mashabiki huuliza swali lile lile: huyu ataleta matokeo lini? Wengine humpa mwezi mmoja, wengine mechi tatu tu, na wakifungwa wanaanza kelele.

Leo, msikilizaji wetu, tunakuletea maisha ya John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu wa Marekani aliyefariki mwaka 2010. Alikabidhiwa timu ya chuo kikuu ambayo hakuna aliyeitegemea. Akaifundisha misimu 15 bila kuleta ubingwa wa taifa hata mara moja, na hakufukuzwa. Kisha, katika miaka 12 iliyofuata, akachukua ubingwa mara 10.

Kwanza tuelewane jambo moja. Nchini Marekani, mpira wa kikapu wa vyuo vikuu ni mchezo mkubwa. Kumbi hujaa, redio na televisheni hutangaza, na mashindano ya mwisho wa msimu hufuatiliwa nchi nzima. Lakini enzi za Wooden wachezaji walikuwa wanafunzi wasiolipwa mshahara, na wakimaliza masomo wanaondoka. Kwa hiyo kocha wa chuo hata akipata timu nzuri, baada ya miaka michache huanza kujenga upya.

Mtoto wa shamba

Wooden alizaliwa Oktoba 14, 1910, katika jimbo la Indiana, sehemu ya wakulima. Alikulia kwenye shamba dogo karibu na kijiji cha Centerton. Nyumba yao haikuwa na umeme wala maji ya bomba. Baba yake, Joshua, alitoboa chini kikapu cha kubebea nyanya, akakipigilia misumari kwenye ukuta wa banda. Mama yake alishona mpira wa matambara kwa kujaza vitambaa ndani ya soksi kuukuu. Huo ndio ulikuwa uwanja wake wa kwanza.

Kisha mambo yakaharibika. Baba yake alinunua nguruwe kwa pesa za mkopo, wakachanjwa kwa dawa mbovu, wakafa. Ukame nao ukamaliza mazao. Familia ikapoteza shamba na kuhamia mji wa Martinsville. Watu waliomfahamu Wooden walisema hakuwahi kumsikia baba yake akilalamika au kumlaumu mtu kwa hasara ile, na kwamba utulivu wake ukubwani aliurithi hapo.

Mwaka 1927 shule yake ya sekondari ya Martinsville ilichukua ubingwa wa jimbo naye akiwa mchezaji. Akaenda Chuo Kikuu cha Purdue, ambako alichaguliwa mara tatu kwenye kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vya nchi nzima. Agosti 1932 alimuoa Nellie Riley, mpenzi wake tangu sekondari. Siku chache kabla ya harusi, benki waliyoweka akiba yao ilianguka na pesa zote zikapotea. Walianza maisha mikono mitupu.

Alipata kazi ya ualimu wa Kiingereza pamoja na ukocha katika shule ya Dayton, jimbo la Kentucky. Msimu wake wa kwanza alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Huo ukawa msimu pekee wa namna hiyo katika maisha yake yote ya ukocha.

Simu iliyochelewa

Baada ya vita vikuu vya pili, Wooden alikuwa kocha wa chuo cha ualimu cha jimbo la Indiana. Mwaka 1947 timu yake ilialikwa kwenye mashindano ya taifa ya vyuo vidogo, lakini kwa sharti kwamba mchezaji wake mweusi, Clarence Walker, asicheze. Wooden akakataa mwaliko wote. Mwaka uliofuata sharti hilo likaondolewa, timu ikaenda, na Walker akawa mchezaji mweusi wa kwanza kucheza katika mashindano hayo. Walifika fainali.

Mwaka huo huo wa 1948, vyuo vikuu viwili vikubwa vilimtaka. Yeye mwenyewe alipenda zaidi Chuo Kikuu cha Minnesota, kwa kuwa hakikuwa mbali na kwao. Kingine kilikuwa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, maarufu kwa jina la UCLA, upande wa pili wa nchi. Kama alivyokuwa akisimulia mwenyewe, wote waliahidi kumpigia simu jioni moja, Minnesota wakiwa wa kwanza. Saa ya Minnesota ikapita kimya. Baadaye simu ya UCLA ikalia, naye akakubali kazi.

Kumbe huko Minnesota dhoruba ya theluji ilikuwa imekata mawasiliano. Walipofanikiwa kumpata walikuwa tayari kumpa alichotaka. Wooden akawajibu kwamba wamechelewa, ameshatoa neno lake. Ahadi ni deni, naye akahamia Los Angeles na mkewe na watoto wao wawili.

Ukumbi wa juu

Alichokikuta kilimvunja moyo. Msimu uliotangulia timu ilikuwa imeshinda mechi 12 na kupoteza 13. Waandishi wa michezo waliipanga kuwa ya mwisho katika kundi lake. Mazoezi ya kwanza yakamfanya Wooden mwenyewe ajute kuja.

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la zamani, wenye joto na hewa nzito, na ulitumiwa wakati mmoja na wanamieleka na wanasarakasi. Kila siku kabla ya mazoezi, kocha na wasaidizi wake walifagia na kupiga deki sakafu kwa mikono yao. Mshahara nao ulikuwa mdogo, hivyo katika miaka ya mwanzo alifanya kazi ya asubuhi kwenye kampuni ya maziwa akipanga safari za magari ya kusambaza maziwa, kisha mchana anakwenda kufundisha.

Hakuwa na uwezo wa kubadilisha wachezaji usiku mmoja. Akaanza na alichoweza. Cha kwanza kilikuwa pumzi: aliwakimbiza vijana mpaka timu nyingine zikawa zinachoka kabla yao. Cha pili kilikuwa mambo madogo. Siku ya kwanza ya msimu aliwafundisha wachezaji namna ya kuvaa soksi bila mkunjo na kufunga kamba za viatu. Mkunjo huleta lengelenge, lengelenge humfanya mchezaji akose mazoezi, na akikosa mazoezi timu inapungua. Wachezaji wapya walicheka, kisha wakaelewa.

Msimu ule wa kwanza timu iliyotabiriwa kushika mkia ilishinda mechi 22, ikapoteza 7, na kuongoza kundi lake. Msimu wa pili ikashinda 24 na kuingia mashindano ya taifa.

Hapo ndipo Purdue, chuo alichosoma, kilipomwita arudi nyumbani. Alitamani kwenda. Lakini viongozi wa UCLA walimkumbusha kwamba mkataba wa miaka mitatu aliutaka yeye mwenyewe. Akabaki.

Msimu wa 16

Miaka iliyofuata haikuwa rahisi. Mwaka 1955 wakaguzi wa moto waliona ukumbi ule si salama kwa umati, na kwa miaka kadhaa timu ikawa inahamahama kucheza mechi zake za nyumbani kwenye kumbi za kuazima. Wooden alishinda mechi nyingi, lakini kila akifika mashindano ya taifa alitolewa bila ubingwa. Msimu wa 1959 hadi 1960 alishinda 14 na kupoteza 12. Kocha wa leo mwenye rekodi hiyo baada ya zaidi ya miaka 10 angeambiwa afungashe virago.

Chuo kikamvumilia, naye akaendelea kujifunza. Alisikiliza watu walio chini yake. Kocha msaidizi wake, Jerry Norman, alimshawishi atumie mbinu ya kumbana mpinzani uwanja mzima, tangu pale mpira unapoingizwa. Msimu wa 1963 hadi 1964 hakuna mchezaji wake wa kikosi cha kwanza aliyezidi futi 6 na inchi 5, kimo kidogo kwa mchezo huo. Lakini walibana, wakakimbia, wakashinda mechi zote 30. Fainali waliifunga Duke pointi 98 kwa 83. Ulikuwa msimu wake wa 16.

Baada ya hapo mlango ukafunguka. Ukumbi mpya ulijengwa, na vijana bora wa nchi wakataka kuja, akiwemo Lew Alcindor, ambaye dunia inamjua kama Kareem Abdul-Jabbar. UCLA ilichukua ubingwa miaka saba mfululizo, 1967 hadi 1973, na kushinda mechi 88 bila kufungwa, mpaka Notre Dame walipoisimamisha Januari 1974 kwa pointi 71 kwa 70. Mwaka 1975 Wooden alichukua ubingwa wa 10 na kustaafu.

Sifa zake zina doa ambalo ni haki kulitaja. Tajiri mmoja wa ujenzi, Sam Gilbert, alikuwa akiwasaidia wachezaji wa UCLA kwa namna isiyoruhusiwa. Mwaka 1981, Wooden akiwa ameshastaafu, chuo kiliadhibiwa na kuamriwa kumweka mbali. Wooden hakushtakiwa, lakini wapo wanaosema alipaswa kufungua macho zaidi.

Waliomfuata

Sasa sikiliza kilichotokea baada yake. Gene Bartow alimrithi, akashinda mechi 52 na kupoteza 9 tu katika misimu miwili, na mara moja akaifikisha timu nusu fainali ya taifa. Kwingine angejengewa sanamu. UCLA mashabiki walimlaumu kwa kila kipigo, naye akaondoka. Makocha wanne wengine walipita kwa haraka, wawili kati yao wakikaa misimu miwili tu kila mmoja. Ubingwa ulirudi mwaka 1995 chini ya Jim Harrick. Hata yeye alihitaji misimu saba.

Chuo kile kile kilichomvumilia Wooden miaka 15 kilisahau kwamba kilimvumilia. Kilikumbuka makombe, kikasahau ukumbi wa kuazima, ufagio na ile rekodi ya 14 kwa 12. Kila kocha mpya alilinganishwa na Wooden wa mwaka 1973, hakuna aliyelinganishwa na Wooden wa mwaka 1953.

Nellie alifariki Machi 1985. Kila mwezi, tarehe aliyofariki, Wooden alimwandikia barua na kuiweka juu ya mto wake. Alifanya hivyo kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe alifariki Los Angeles Juni 4, 2010, akiwa na umri wa miaka 99, miezi michache kabla ya kutimiza 100.

Kama wewe ni kiongozi wa timu ya shule au ya kijiji, na umepata kocha mpya, usimuulize kwanza kombe liko wapi. Mwangalie anafanya nini siku za mazoezi wakati hakuna mtazamaji. Je, anafika mapema? Anafundisha mambo madogo? Anashika neno lake? Kama majibu ni ndiyo, mpe muda.