Majdud-Din Ibnul-Athir: Mgonjwa Asiyeachwa Peke Yake

Yapo maradhi yaishayo upesi, na yapo yakaayo na mtu mpaka kaburini. Mwenye haya ya pili hupata msiba juu ya msiba: kwanza mwili humwia mzito, kisha marafiki humpungua mmoja mmoja. Kwa ajili hii twapenda kuwakumbusha ndugu zetu habari za mwanachuoni Majdud-Din Ibnul-Athir, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa mwaka 544 Hijria (1149) katika Jazirat Ibn Umar, mji ambao leo umo Uturuki, kisha akahamia Mosul katika Iraki. Nduguye ni Izzud-Din, mtungaji wa tarehe mashuhuri Al-Kamil. Majdud-Din alikuwa mwandishi wa watawala wa Mosul, mwenye cheo na heshima. Kisha yakamshika maradhi yaliyomzuia mikono na miguu, hata kuandika asiweze, akakaa nyumbani.

Mtu aliyezoea baraza za wakubwa angaliweza kuuawa na upweke kabla ya maradhi. Lakini mlango wake haukusahauliwa. Wakubwa walimzuru, na wanafunzi wakamsaidia kuchagua na kuandika. Yapokewa kwamba vitabu vyake alivitunga katika muda huo wa kutojiweza. Miongoni mwavyo Jamiul-Usul, kilichokusanya hadithi za vitabu sita, na An-Nihaya, kielezacho maneno magumu ya hadithi.

Tena yasimuliwa kuwa alikuja tabibu wa Maghribi, na dawa yake ikaanza kumfaa. Majdud-Din akamwambia nduguye amlipe, amwache aende zake, kwani maradhi yalikwisha mpumzisha na kwenda milangoni kwa wafalme. Hatusemi mgonjwa aache dawa; kujitibu kumeamrishwa. Twasema kwamba hangaliweza kuridhika hivyo lau watu wangalimtupa. Alifariki Mosul mwishoni mwa mwaka 606 (1210).

Nasi je? Mtu akifa mtaani petu, twaijaza nyumba siku ya maziko na siku ya hitima. Lakini yule aliyelala miaka mitatu kwa kupooza, au aliyekatwa mguu kwa kisukari, ni nani ampigiaye hodi? Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, si hisani. Mwenye elimu na akadurusi naye, kijana na amwandikie asiyoweza kuandika, jirani na akae naye japo saa moja. Tusingoje jeneza ndipo tuijue njia ya kwenda kwake.