Maisha ya Sheikh Abdallah Saleh Al-Farsy

Sheikh Abdallah bin Saleh Al-Farsy, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Unguja mwaka 1330 wa Hijra, nao ni mwaka 1912. Alisoma kwa wanavyuoni wakubwa wa mji ule, na miongoni mwao ni Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir na Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumeit. Tangu mwaka 1933 akawa mwalimu wa skuli za serikali, akajua namna ya kumfahamisha mtu asiyejua Kiarabu.

Mambo mawili yalimshughulisha. La kwanza ni kuwa habari za wanavyuoni wa pwani zilikuwa vifuani mwa wazee, na kila mzee akifa huzikwa nazo. Akaziandika: nani alisoma kwa nani, alitunga kitabu gani, na alikufa lini. Kitabu hicho kilipigwa chapa Unguja mwaka 1944, naye akaendelea kukiongeza, kikatoka tena Mombasa mwaka 1972.

La pili ni Kurani Tukufu. Tafsiri kamili ya kwanza ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na padri Godfrey Dale, na ya pili ilitolewa na Makadiani mwaka 1953. Walikuwako Waislamu walioona kuwa si vizuri kuifasiri, maana isije ikashikwa kuwa ndiyo Kurani yenyewe. Lakini Sheikh aliona kuwa watu wanasoma, na wasipopata cha kwao watasoma cha wengine. Basi akaitoa sehemu kwa sehemu, huku ana kazi zake za ualimu, kisha za ukadhi wa Unguja tangu 1960 hata 1967, kisha Ukadhi Mkuu wa Kenya tangu 1968. Ikatimia mwaka 1969 mjini Nairobi, Kiarabu na Kiswahili pamoja, na maelezo chini yake.

Alikataza mambo aliyoyaona kuwa ni bidaa, na baadhi ya wanavyuoni wenziwe wakamrudi kwa hayo. Hakunyamaza. Alikufa Oman mwaka 1403, nao ni 1982.

Basi mtu wa Mchikichini aliyerithi sanduku la vitabu na karatasi za babu yake na alifungue kabla ya mchwa, aandike majina yaliyomo. Kazi ya Sheikh ilianza kwa kuuliza na kuandika tu. Mwenyezi Mungu amlipe kheri, na atunufaishe kwa elimu yake. Amin.