Ewart Grogan na Samaki wa Mto Gura

Mtahiniwa, mlowezi Ewart Grogan pengine unamjua kwa mawili: safari yake kutoka Cape hadi Cairo, na kuwachapa Wakikuyu viboko hadharani mjini Nairobi mwaka 1907. Ongeza la tatu. Mwaka 1905 aliingiza trauti, samaki wa maji baridi kutoka Scotland, katika mto Gura, Nyandarua. Walowezi waliwavua kwa kujiburudisha, kwa ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Ukiulizwa namna ya kuwahifadhi, usitaje marufuku ya nyavu pekee. Hapo wengi hupoteza alama. Anzia msituni: miti ikikatwa, maji hupata joto na tope hufunika changarawe wanamotagia. Grogan alifariki mwaka 1967. Trauti bado wamo Gura.