MZEE TAITA TOWETT NA KITI CHA KUAZIMA

 Katika ukurasa huu nimeamua kukueleza maisha ya mtu ambaye jina lake wazee wetu hulitaja mara kwa mara, lakini sisi vijana tunalipita tu kama gari linavyopita stendi isiyo na abiria. Mtu huyo ni Dkt. Taita arap Towett, Mkipsigis wa kwanza kuchaguliwa kwa kura kuingia katika baraza la kutunga sheria za nchi hii. Maisha yake nimeyachagua kwa sababu moja. Ukiyafuata toka mwanzo hadi mwisho, utajua jinsi watu wa Kericho na Bomet walivyopata sauti Bungeni, na utajua pia kwamba sauti hiyo hatukupewa bure.

Kabla ya kumfikia mzee mwenyewe, hebu turudi nyuma kidogo. Baraza la Kutunga Sheria, ambalo wazee huliita LEGCO, lilianza kukutana mwaka 1907. Wakati huo walioketi humo walikuwa Wazungu. Mwaka 1920 walowezi walianza kuwachagua wajumbe wao kwa kura. Mwafrika hakupiga kura wala hakuketi. Kuanzia 1924 Mzungu aliteuliwa kusema kwa niaba ya Waafrika, na mara nyingi alikuwa mmishonari. Fikiria mwenyewe, msomaji, unaumwa na jino halafu jirani ndiye anaenda kumweleza daktari jinsi linavyouma!

Je, madhara yake yalikuwa nini? Madhara yapo, na hapa kwetu yanajulikana. Ardhi nzuri ya Wakipsigis ilichukuliwa, na kuanzia miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yakapanda chai juu yake, hii hii tunayoiona ikiwa kijani kibichi kuanzia Kericho mjini. Halafu mwaka 1934 baraza hilo likapitisha sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai. Ukoo mzima, wazee kwa watoto, walitolewa makwao wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali penye joto na mbung'o. Sheria hiyo ilijadiliwa na kupitishwa bila Mwafrika hata mmoja ndani ya ukumbi. Hakukuwa na mtu wa kuinua mkono na kuuliza watoto wamekosa nini. Mwafrika wa kwanza, Bw. Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, tena kwa kuteuliwa na Gavana. Waliohamishwa waliruhusiwa kurudi miaka ya mwanzo ya 1960, karibu miaka thelathini baadaye, na wengi walikuwa wamezikwa huko huko.

Sasa tuje kwa Towett. Alizaliwa mwaka 1925 katika wilaya ya Kericho. Kwa hivyo sheria ile ya Talai ilipopitishwa alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi. Alikuwa mwanafunzi hodari. Alifika Chuo cha Makerere kule Uganda, ambacho wakati huo kilikuwa ndoto ya kila kijana wa Afrika Mashariki, na baadaye akasoma Uingereza. Katika siku hizo kijana wa Kipsigis aliyefika huko alikuwa kama nyota ya asubuhi, anaonekana na kila mtu.

Mwaka 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima. Waliopita ni kama Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Wanane hao walikataa kutulia. Walidai viti zaidi, na mwaka uliofuata vikaongezwa sita. Hapo ndipo Towett alipopata nafasi. Mwezi wa Machi 1958 alichaguliwa katika jimbo lililoitwa Eneo la Kusini. Wilaya ya Kericho wakati huo ilihesabiwa katika Mkoa wa Nyanza. Towett alikuwa na miaka thelathini na mitatu au chini yake. Pamoja naye waliingia watu kama Julius Kiano, Jeremiah Nyagah, Francis Khamisi na Justus ole Tipis. Waafrika wakawa kumi na wanne, sawa na wajumbe wa Wazungu waliochaguliwa, ingawa Wazungu walikuwa wachache sana nchini.

Lakini usidhani kura ya 1958 ilikuwa kama ya leo. Kupiga kura kulikuwa na masharti. Ilitazamwa umesoma kiasi gani, unapata mshahara gani, una mali gani, umefanya kazi miaka mingapi. Aliyetimiza sharti moja alikuwa na kura moja, na aliyetimiza mengi aliweza kupiga hadi kura tatu! Mchuma majani ya chai ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, asiye na ng'ombe wala mshahara wa maana, hakuwa na kitu. Kwa hivyo Towett aliingia kwa kura za wachache akiwasemea wengi. Jambo hili tulikumbuke, maana linarudi mbele.

Mwaka 1960 wajumbe wa Kiafrika walikwenda London kwenye mkutano wa Lancaster House kudai katiba mpya. Waliporudi, vyama viwili vikubwa vikazaliwa, KANU na KADU. Towett aliongoza muungano wa kisiasa wa Wakalenjin, nao ukaingia KADU pamoja na vyama vya watu wa Pwani, Wamaasai na baadhi ya Waluhya. Hoja yao ilikuwa kwamba makabila madogo yatamezwa na makubwa kama mamlaka yote yatakaa Nairobi. Ndiyo maana wakadai majimbo. Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti vingi kuliko KADU, ila ikakataa kuunda serikali kabla Mzee Jomo Kenyatta hajaachiliwa. KADU ikaingia serikalini, na Towett akawa mmoja wa Waafrika wa mwanzo kuwa mawaziri katika Kenya. Uchaguzi huo masharti ya kura yalikuwa yamelegezwa. Ukijua kusoma na kuandika lugha yako mwenyewe ulikubaliwa, na mwenye umri wa zaidi ya miaka arobaini alikubaliwa hata kama hakusoma. Mlango ulikuwa umefunguka nusu.

Mwaka 1963 ukafunguliwa wote. Kila mtu mzima wa miaka 21 alipata kura moja, tajiri moja, maskini moja, mwanamume moja, mwanamke moja. Katiba ya majimbo nayo ikaanza. Nchi iligawanywa, na Bunge likawa na nyumba mbili: Baraza la Wawakilishi lenye wabunge 117 wa kuchaguliwa, na Seneti yenye maseneta 41, mmoja kwa kila wilaya pamoja na Nairobi. Wilaya ya Kericho, ambayo ilikuwa kubwa na ilikuwa na Bomet ndani yake, ikawa na seneta wake. Mti ambao Towett na wenzake walikuwa wameupanda ulikuwa umetoa maua.

Kumbe maua si matunda. Novemba 1964 KADU ilivunjwa na watu wake wakajiunga na KANU. Nguvu za majimbo zikaondolewa moja baada ya nyingine. Mwaka 1966 ikapitishwa kwamba nyumba mbili ziunganishwe ziwe moja. Maseneta 41 wakageuzwa kuwa wabunge, ndiyo sababu viti vikatoka 117 vikawa 158. Kwa hesabu, sehemu zetu hazikupoteza watu wa kukaa Bungeni. Lakini wilaya kama wilaya ilipoteza kiti chake. Tangu hapo Seneti ikawa hadithi ya wazee kwa zaidi ya miaka arobaini.

Katika uchaguzi wa 1969 Towett alipata kiti cha Buret kwa tiketi ya KANU, na akakipata tena mwaka 1974. Miaka hiyo ya 1970 ndiyo jua lake lilipokuwa utosini. Alikuwa waziri katika serikali ya Mzee Kenyatta, na kati ya wizara alizoongoza ni ile ya Elimu. Mwaka 1976 shirika la UNESCO lilifanya mkutano wake mkuu Nairobi, wajumbe wakatoka pembe zote za dunia, na aliyechaguliwa kuwa rais wa mkutano huo alikuwa huyu huyu mwana wa Kericho. Ni sifa ambayo hata leo tunaweza kutembea nayo vifua mbele.

Kwa sisi wa chama cha Kiswahili, kuna jambo jingine la kutupendeza. Mzee huyu alikuwa mtaalamu wa lugha. Akiwa tayari mtu mzima na mwanasiasa mkubwa, alirudi kwenye vitabu akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alichunguza Kikalenjin jinsi kinavyotamkwa na kuandikwa, na mwaka 1979 vitabu vyake kadhaa vikachapishwa. Kimoja kilikuwa kamusi ndogo ya majina ya vitu katika Kiingereza, Kiswahili na Kikalenjin. Alishikilia kwamba irabu ndefu iandikwe mbili, ndiyo maana hata jina lake aliliandika Taaita Toweett. Ukiona ni mchezo, jaribu kuandika kufa mahali pa kufaa uone mwalimu atakavyokutazama!

Tena ni wakati wake Bungeni ndipo Kiswahili kilipoingia. Kabla ya hapo, mbunge alisema Kiingereza au alinyamaza. Julai 1974 ikaamuliwa kwamba mazungumzo ya Bunge yawe kwa Kiswahili, ingawa miswada ilibaki kwa Kiingereza. Wabunge wengine waliokuwa simba wa Kiingereza wakaanza kutafuta maneno kama mtu anayetafuta sindano gizani. Mwaka 1979 lugha zote mbili zikaruhusiwa. Maana yake ni kwamba mama wa Soin aliye na redio sasa aliweza kuelewa kinachosemwa kwa niaba yake. Uwakilishi usioeleweka na anayewakilishwa ni nusu ya uwakilishi. Mwaka huo huo wa 1974 umri wa kupiga kura ulishushwa kutoka 21 hadi 18.

Basi likaja jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo funzo kubwa la maisha haya. Novemba 1979, uchaguzi wa kwanza baada ya kifo cha Mzee Kenyatta, watu wa Buret walipanga foleni wakapiga kura. Waziri, daktari, rais wa mkutano wa UNESCO, mtu aliyefika LEGCO wakati wengi wao hawakuruhusiwa kupiga kura, aliangushwa. Kiti kikaenda kwa Jonathan Ng'eno, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kuanzia 1991 hadi 1993. Angalia vile mambo yalivyogeuka. Mwaka 1958 Towett aliwekwa na wachache waliokuwa na masomo na mishahara. Mwaka 1979 mchuma chai, mchunga ng'ombe na mama muuza maziwa walikuwa na kura moja moja sawa na ya waziri, nao wakaitumia kumwambia apumzike. Haki ambayo yeye na wenzake waliipigania London ndiyo iliyomtoa. Wengine watasema huo ni ukosefu wa shukrani. Mimi nasema kazi yake ilikuwa imefaulu. Kiti cha Bunge ni cha kuazima, mwenyewe akikihitaji hukichukua.

Hata hivyo, mgala muue na haki yake mpe. Wazo la majimbo lilikuja kuchafuliwa. Mwaka 1991 na 1992 wanasiasa walilitumia neno hilo kuchochea watu, na majirani wakafukuzana na kuuana katika Bonde la Ufa na mipakani mwake, hata karibu na huku kwetu ambako Mkipsigis na Mjaluo wanachota maji mto mmoja. Kuwa na sauti ni jambo moja, kumnyamazisha jirani ni jingine, na atakayesoma historia hii asichanganye mambo hayo mawili.

Dkt. Towett alifariki Oktoba 2007 katika ajali ya barabarani. Hakuwahi kuiona katiba ya 2010. Katiba hiyo ilirudisha Seneti, na katika uchaguzi wa Machi 2013 kila kaunti kati ya zote 47 ilichagua seneta wake. Wilaya ile moja ya zamani sasa ni kaunti mbili, kwa hivyo Kericho ikapata seneta na Bomet ikapata wake. Siku hiyo hiyo Soin nayo ilipiga kura kwa mara ya kwanza katika jimbo lenye jina lake, Soin/Sigowet. Sisi wa chini penye joto, wa miwa na mahindi, ambao tulizoea kuhesabiwa pamoja na wa juu wa majani chai, tukawa na kiti.

Mwanafunzi mwenzangu, walio wengi katika kidato cha tatu tuna miaka kumi na sita au kumi na saba. Muda si mrefu tutachukua kitambulisho na kwenda kupiga kura. Watakuja watu na shilingi mia mbili na pakiti ya unga. Kabla hujanyoosha mkono, kumbuka watu wa Talai waliobebwa kwenda Gwassi kwa sababu hawakuwa na wa kuwasemea. Kumbuka pia mchuma chai wa 1958 aliyekosa hata kura moja, huku mwenzake akipiga tatu. Kura unayotaka kuiuza ilichukua zaidi ya miaka hamsini kufika mikononi mwa babu yako.

Naomba nikomee hapo. Cheo ni dhamana, na wenye dhamana ni sisi.