Padre Angelo Secchi: Mjesuiti Aliyesoma Mwanga wa Nyota

Katika majira ya kaskazi, usiku ambao mwezi haujachomoza, anga la Pande, kusini mwa Kilwa Masoko, hujaa nyota kuliko anga la mji wenye taa nyingi. Watu wa pwani yetu wamekijua Kilimia tangu enzi za mababu, kwa kuwa kilimwongoza mkulima kutambua msimu. Si mbali na Kilimia zipo nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, ndizo mkanda wa kundinyota la Jabari. Karibu na mkanda huo upo upanga wa nyota hafifu, na iliyo katikati huonekana kama yenye ukungu. Hiyo si kasoro ya macho yetu. Ni nebula, yaani wingu kubwa mno la gesi na vumbi ambamo nyota mpya huzaliwa. Mwanga tunaouona leo uliondoka huko yapata miaka 1,300 iliyopita, kabla Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani haujajengwa.

Siku hizi picha za wingu hilo, zenye rangi nyekundu na kijani, huwafikia vijana wetu kupitia simu. Wengine huuliza kama rangi hizo ni za kweli au zimepakwa tu. Wengine huuliza swali zito zaidi: je, mtu akizijua siri za nyota, bado atamhitaji Mungu? Wapendwa wasomaji, tumeona vema kuyajibu maswali hayo kwa kusimulia maisha ya padre mmoja.

Angelo Secchi alizaliwa mwezi Juni 1818 huko Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia. Baba yake alikuwa seremala. Mwaka 1833, akiwa kijana wa miaka 15, alijiunga na Shirika la Yesu, na mwaka 1847 akapewa daraja takatifu ya upadre. Mwaka uliofuata machafuko ya kisiasa yaliwalazimisha Wajesuiti kuondoka Roma. Padre Secchi akaenda uhamishoni, kwanza Stonyhurst, Uingereza, kisha Georgetown, Marekani, ambako alifundisha fizikia. Aliporudi Roma alikabidhiwa kituo cha kuchunguza nyota cha Chuo cha Roma, kilichoendeshwa na shirika lake.

Kituo kipya alikijenga juu ya kanisa la Mtakatifu Ignasi. Nguzo za kanisa hilo zilikuwa zimejengwa imara ili zibebe kuba zito ambalo halikujengwa kamwe. Padre Secchi aliona kwamba nguzo hizo zingeweza kuishika darubini isitikisike. Hivyo chini Misa Takatifu iliadhimishwa, na juu ya paa padre alikesha akizichunguza mbingu.

Tarehe 18 Julai 1860 jua lilipatwa kabisa nchini Hispania. Wakati huo wataalamu walibishana kuhusu ndimi nyekundu zinazoonekana pembeni mwa jua lililopatwa. Je, ni za jua, ni za mwezi, au ni mazigazi ya macho? Padre Secchi na wenzake walipiga picha karibu na pwani ya mashariki, na Mwingereza Warren De la Rue akapiga zake kaskazini, zaidi ya kilomita 350 kutoka hapo. Picha zilipolinganishwa, ndimi zilikuwa zilezile, na mwezi ulionekana ukizifunika kidogo kidogo. Ikathibitika kwamba ni za jua. Ugomvi ambao maneno yalishindwa kuumaliza ulimalizwa na picha.

Hata hivyo, kwa nebula picha hazikumsaidia. Bamba la kioo la wakati ule lilipakwa dawa na kutumiwa likiwa bado bichi. Baada ya dakika chache lilikauka na kupoteza nguvu, ilhali mwanga wa nebula ni hafifu na huhitaji muda mrefu kujikusanya. Basi Padre Secchi aliichora nebula ya Jabari kwa mkono, akiitazama tena na tena kwa subira. Tena aliutawanya mwanga wa nyota kwa mche wa kioo, ukajipanga kwa rangi kama upinde wa mvua, apate kujua nyota zimeumbwa kwa vitu gani. Kwa njia hiyo alichunguza nyota zaidi ya 4,000 na kuzipanga katika makundi. Ndiyo sababu huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa elimu ya fizikia ya nyota.

Jaribio kubwa halikutoka angani. Mwaka 1870 majeshi ya Italia yaliiteka Roma, na mwaka 1873 sheria ikayanyang'anya mashirika ya kitawa nyumba zao. Serikali mpya ilimtaka mtaalamu huyo mashuhuri, bali haikulitaka shirika lake. Padre Secchi hakukubali kuununua utulivu wa darubini yake kwa kuwaacha ndugu zake watawa na Baba Mtakatifu. Kwa sababu ya heshima aliyokuwa nayo duniani, aliachwa aendelee na kazi, akibaki Mjesuiti hadi kifo chake, tarehe 26 Februari 1878. Baada yake serikali ilikichukua kituo.

Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Septemba 1880, Mmarekani Henry Draper alitumia bamba kavu, akaliacha lipokee mwanga kwa dakika 51, akaipata picha ya kwanza ya nebula ya Jabari. Mpiga picha wa leo hufuata njia ileile ya subira. Hupiga picha nyingi za wingu moja, huku darubini ikilifuata anga linavyozunguka. Kisha kompyuta huzipanga juu ya nyingine ili mwanga hafifu uongezeke. Hupiga pia picha huku amefunika darubini, apate kuzijua dosari za kamera yake na kuziondoa. Nasi tunaofanya utafiti wa dhamiri kabla ya Kitubio tunaielewa kazi hiyo.

Kuhusu rangi, wekundu hutoka kwenye gesi ya hidrojeni na ukijani kwenye oksijeni. Macho yetu hayazioni vema kwa kuwa mwanga ni mdogo. Kwa hiyo picha nyingi huikuza rangi iliyopo. Zipo pia ambazo rangi zake zimechaguliwa na mtengenezaji, naye mwaminifu huwaeleza watazamaji.

Swali la pili limejibiwa na maisha yenyewe. Padre Secchi hakuona haja ya kuchagua kati ya altare na darubini. Walitaka kumlazimisha, akakataa. Mwaka 1891 Papa Leo XIII alikianzisha upya kituo cha nyota cha Vatikano, nacho kikashiriki kupiga picha za anga lote, huku masista wakipima mahali pa karibu nyota nusu milioni kwenye mabamba.

Tunawaomba wazazi na makatekista wasiyanyamazishe maswali ya vijana. Usiku wa kaskazi watoke nao nje, wawaonyeshe Kilimia na upanga wa Jabari, na wawasimulie habari za padre huyu. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani.