Allidina Visram: Tajiri wa maduka aliyejengwa na mali kauli

Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 huko Kera, Kutch, nchini India. Mwaka 1863, akiwa na miaka 12 tu, alivuka bahari hadi pwani yetu na kupata kazi Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, ambaye familia yake iliendesha biashara ya misafara. Baadaye alianza ya kwake: vitambaa na chumvi kwenda bara, pembe za ndovu na nta kurudi pwani.

Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, aliifuata kwa maduka, akiwauzia vibarua chakula. Akafika Kisumu, Kampala na Jinja, matawi yakapita 30, kisha akaingia kwenye kuchambua pamba.

Mtaji wake mwingi, hata hivyo, ulikuwa mikononi mwa mawakala na wenye maduka madogo waliochukua mali kauli kwa sababu ya jina lake. Biashara ya aina hiyo ni ngumu kuuzika. Hata mzee wa Gehandu anayetaka kuuza kibanda cha familia cha samaki na chipsi analijua hilo: mnunuzi huona jiko na kabati, haoni madeni yaliyo kichwani mwa mzee.

Allidina alifariki mwaka 1916. Mwanawe Abdulrasul alishika biashara, akajenga shule Mombasa kwa jina la baba yake. Shule ilifunguliwa mwaka 1923. Mwaka huohuo Abdulrasul akafariki, na biashara ikasambaratika. Shule ingalipo.